Kuku Anayeatamia: Mwongozo Kamili wa Kupata Vifaranga Wengi Nyumbani

Lalamiko ni lile lile kila mara. "Nilimlaza kuku kwenye mayai kumi na matano, ametotoa manne." Mwingine anasema kuku wake aliacha mayai siku ya kumi. Wa tatu anasema mayai yote yalikuwa viza, harufu ikajaa banda zima. Kinachofuata ni kuku kuitwa wa mkosi na kuishia kwenye sufuria.

Mara nyingi kuku hana kosa. Yeye kazi yake anaijua. Kinachomwangusha ni kuachwa aatamie kwenye kiota ambacho kuku wenzake nao wanakitagia. Leo wanaongeza yai moja, kesho mawili, na mwisho wa yote chini yake kuna mayai ya umri tofauti. Ya kwanza yakianguliwa, mama huondoka na wanawe, na yaliyobaki hufa yakiwa na vifaranga hai ndani. Ukishika jambo moja tu katika mwongozo huu, shika hili: mtenge kuku wako, na umpe mayai yote siku moja.

Maelezo haya ni kwa mtu mwenye kuku wa kienyeji wachache nyuma ya nyumba, jogoo mmoja au wawili, bila umeme wala mashine ya kutotolesha.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kiota chenye upana wa sentimita 35 hadi 40: beseni la zamani, kikapu kigumu au sanduku la mbao
- Udongo mkavu kiasi cha kujaza robo ya kiota
- Nyasi kavu laini au maranda
- Majivu ya kuni, yaliyopoa na kuchekechwa
- Dawa ya unga ya kuua chawa na utitiri wa kuku, kutoka duka la dawa za mifugo
- Mayai 10 hadi 12 yenye mbegu
- Mayai mawili au matatu ya kudanganyia (ya mbao, au mawe laini yenye ukubwa wa yai)
- Penseli
- Tochi, hata ya simu inatosha
- Chombo cha maji kisichopinduka, na kingine kifupi cha vifaranga
- Mahindi au mtama wa punje nzima kwa ajili ya mama, na chakula cha vifaranga
- Tenga kubwa au kizimba cha wavu wenye matundu madogo

Chakula cha vifaranga kinunuliwe mapema. Wengi hukikumbuka siku ya kuanguliwa, duka likiwa limefungwa.

## Hatua ya 1: Hakikisha anaatamia kweli

Kuku anayetaga hukaa kwenye kiota nusu saa au saa moja, kisha anatoka akipiga kelele. Anayeatamia hatoki. Nenda usiku ukamwangalie: kama amelala kiotani badala ya kupanda kichanjani na wenzake, hiyo ni dalili nzito.

Sasa mpelekee mkono polepole. Atavimba manyoya, atakoroma, pengine atakudonoa. Mguse kifuani kwa chini: utakuta ngozi tupu yenye joto, kwa sababu amejinyonyoa manyoya ili mwili ugusane na mayai. Akitoka kula, anatembea amevimba huku akitoa sauti nzito ya "kok, kok".

Mwache na mayai ya kudanganyia siku mbili au tatu. Akiendelea kukaa usiku na mchana, amekomaa. Akitoka na kuyasahau, hajawa tayari, na bahati nzuri hujapoteza yai hata moja.

Tahadhari: mtetea anayeatamia kwa mara ya kwanza anaweza kubadili nia katikati. Mpe mayai 6 hadi 8 tu. Kuku chotara kama Sasso na Kuroiler mara nyingi hawaatamii kabisa, hivyo usipoteze muda kuwasubiri. Mayai yao mpe kuku wa kienyeji ayaatamie.

## Hatua ya 2: Mtengee mahali pake

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika.

Tafuta sehemu yenye giza kiasi, tulivu, isiyovuja mvua na isiyochomwa na jua la mchana: kona ya stoo, chumba kidogo cha banda, au jiko la nje lisilotumika. Pawe na mlango au wavu unaofungika. Kuku wengine wasiingie, na paka, panya, kicheche na nguchiro wasipate upenyo. Ndani pawe na nafasi ya mama kutoka kiotani hatua mbili tatu, ale, anywe na ajisaidie. Akikosa nafasi hiyo atajisaidia juu ya mayai.

Kiota chenyewe kianze na udongo. Mwaga udongo mkavu, uukandamize kwa ngumi mpaka uwe na shimo la kina kidogo katikati, kisha tandika nyasi juu yake. Udongo unafanya kazi mbili. Kwanza unayakusanya mayai katikati yasitawanyike pembeni yakapoa. Pili, unaweza kunyunyiziwa maji kidogo pembezoni siku za mwisho ili kiota kisikauke mno. Nyasi zenyewe haziwezi hayo: siku ya tano utakuta kuku amekalia sakafu na mayai yako kila kona.

Kiota kisiwe na kina kirefu. Kuku akilazimika kuruka ndani kutoka juu, anatua juu ya mayai na kuyapasua. Ukingo wa sentimita 10 hadi 15 unatosha.

Halafu kuna siafu. Msimu wa mvua siafu wanaweza kumaliza vifaranga vyote usiku mmoja, na huanza na kile kinachotoka ganda kikiwa bado kina unyevu. Kama eneo lako lina siafu, weka kiota juu ya meza fupi na kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye maji yaliyochanganywa na oili chafu. Sogeza meza isiguse ukuta. Wiki ya mwisho mwaga majivu mengi kuzunguka, na uyarudie kila yanapolowa. Siku ya kuanguliwa ikifika, shusha kiota chini ndani ya kizimba, la sivyo vifaranga vitadondoka kutoka mezani.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kufunga mlango jioni na kuwa na uhakika hakuna kiumbe mwingine atakayeingia mpaka asubuhi.

## Hatua ya 3: Mwondolee wadudu kabla hajalala

Kuku akikaa mahali pamoja siku 21, chawa na utitiri wanashangilia. Utitiri hujificha kwenye nyufa mchana na kumnyonya damu usiku. Kuku "anayeacha mayai bila sababu" mara nyingi amefukuzwa na utitiri.

Mshike siku moja kabla ya kumpa mayai. Mpake dawa ya unga chini ya mabawa, kuzunguka mkundu na shingoni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Kagua upanga na kuzunguka macho: vidoti vyeusi vilivyong'ang'ania ni viroboto, vipake mafuta mazito ya mgando mpaka vikose hewa, lakini yasiingie machoni. Kiotani nyunyiza majivu chini ya nyasi. Wengine huongeza majani makavu ya mwarobaini, nami naona ni desturi nzuri, ila yasikuachishe kutumia dawa.

Usitumie mafuta ya taa wala dawa ya kupulizia mazao. Ganda la yai lina matundu yanayopitisha hewa, na sumu hupita humo humo mpaka kwa kifaranga.

## Hatua ya 4: Chagua mayai

Mayai ya kisasa ya dukani hayataanguliwa hata ukiwa na kuku bora kuliko wote. Yametagwa na kuku wasiokaa na jogoo, kwa hiyo hayana mbegu. Wengi mjini huanguka hapa kabla hata hawajaanza.

Tumia mayai ya kuku wanaoishi na jogoo mzima mwenye nguvu. Jogoo mmoja anatosha matetea 8 hadi 10. Akizidiwa, au akiwa mzee au mgonjwa wa miguu, utaona mayai mengi matupu. Asiwe pia baba au kaka wa kuku wote bandani. Badilishana jogoo na jirani, kwani uzao wa ndugu kwa ndugu hupunguza mayai yanayoanguliwa na kuleta vifaranga dhaifu.

Katika mayai uliyo nayo, chukua ya ukubwa wa kati, yenye umbo la kawaida na ganda safi lisilo na ufa. Acha makubwa kupita kiasi, kwa sababu huenda yana viini viwili. Acha madogo sana, marefu sana, na yenye ganda jepesi au la mabonge.

Yasioshwe. Ganda lina utando unaozuia vijidudu, na maji huuondoa. Yai lenye uchafu kidogo lisugue taratibu kwa kitambaa kikavu, na lenye uchafu mwingi likaange.

Umri wa yai una uzito kuliko watu wanavyodhani. Sehemu zenye baridi kama Njombe au Limuru, yai la siku 10 bado linafaa. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, chumba chenyewe kina joto la kuanzisha mbegu ikue kidogo kisha ife, hivyo usivuke siku 7, na siku 5 ni bora zaidi. Yahifadhi mahali pa baridi na kivuli, ncha iliyochongoka ikiwa chini, na uyageuze kidogo mara moja kwa siku. Friji ya nyumbani ina baridi kupita kiasi, iache.

Ili upate mayai ya kutosha ndani ya siku 7, kusanya kila jioni kutoka kwa matetea kadhaa na uandike tarehe kwa penseli juu ya kila yai. Kalamu ya wino mzito usitumie.

Mangapi? Kuku wa kienyeji wa kawaida, 10 hadi 12. Akiwa mkubwa wa mwili, 13. Kipimo ni hiki: akishakaa na kujitandaza, usione yai hata moja likichungulia. Kuku huzungusha mayai mchana kutwa, la pembeni analivuta katikati na la katikati linaenda pembeni. Yakizidi, kila yai linapata zamu yake ya kupoa, na ndiyo maana mtu anaweka 18 akapata vifaranga 5.

## Hatua ya 5: Mhamishe usiku

Usimhamishe mchana. Atarudi alikotoka, au atazunguka akilia mpaka hamu ya kuatamia imwishe.

Subiri giza lishike. Weka kwanza mayai ya kudanganyia kwenye kiota kipya. Mchukue kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa, bila tochi ya kummulika usoni. Kabla ya kumwinua pitisha vidole chini ya mabawa, kwani kuku hupenda kubana yai kwapani na linaweza kudondoka ukiwa njiani. Mweke karibu na kiota, kichwa kikielekea mayai, aingie mwenyewe. Funika mbele kwa kiroba ili pabaki giza, kisha ondoka.

Kesho yake mchungulie. Akiwa ametulia, usiku huo toa mayai ya kudanganyia na uingize yale halisi yote kwa pamoja, moja moja kwa kiganja, chini ya tumbo lake. Akiwa hajatulia, mpe siku moja nyingine.

Andika tarehe ukutani. Hesabu ni rahisi: ukimpa mayai Jumamosi usiku, tazamia vifaranga Jumamosi ya tatu baada ya hapo. Siku 21 ni wiki tatu kamili.

Kama una sababu ya kumwacha kwenye kiota cha pamoja, basi chora mstari wa penseli kuzunguka kila yai, na kila jioni ondoa lolote lisilo na mstari. Inawezekana, lakini ukisahau siku mbili tu umerudi kwenye tatizo la mwanzo.

## Hatua ya 6: Siku za katikati

Mwekee mahindi au mtama wa punje nzima. Pumba na chakula laini humfanya aharishe na kuchafua kiota, punje humpa kinyesi kigumu. Maji yawe safi kila siku, hatua moja au mbili kutoka kiotani na si ndani yake, yasije yakamwagika.

Atatoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30. Atakula haraka, atakunywa, ataoga vumbi, atatoa kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu kali, kisha atarudi. Usiogope mayai kupoa muda huo.

Ukikuta chakula hakijaguswa na hakuna kinyesi, ujue hatoki. Kuku mwenye moyo wa kuatamia kupita kiasi anaweza kudhoofu kiotani. Mwinue kwa upole kila siku saa ile ile, mweke mbele ya chakula, na umfungie nje ya kiota kama dakika 15. Kupungua uzito kidogo ni kawaida, lakini upanga kupauka na mfupa wa kifua kuchomoza kama kisu ni ishara kwamba hali si nzuri.

Yai likipasuka, toa ganda na nyasi zilizolowa mara moja. Mayai yaliyopakwa ute yafute kwa kitambaa kilichokamuliwa kutoka maji ya uvuguvugu, kamwe si maji baridi. Ukiacha ute ukauke, matundu ya ganda huziba na vijidudu hupata makao.

## Hatua ya 7: Mulika mayai siku ya 7 na ya 14

Fanya usiku. Kunja karatasi ngumu iwe bomba, iweke mbele ya tochi, na ugandamize ncha butu ya yai kwenye tundu. Toa mayai mawili mawili ili mengine yabaki na joto.

Siku ya 7, yai zuri linaonyesha doa jeusi katikati na mishipa myekundu iliyotandaa kama utando wa buibui. Yai linalopitisha mwanga mtupu halikuwa na mbegu. Lenye duara au mstari wa damu bila mishipa lilianza likafa.

Siku ya 14, yai zima ni jeusi isipokuwa sehemu ya hewa kwenye ncha butu, na ukitulia unaweza kuona kitu kikitikisika. Lenye maji yanayocheza ndani ni bovu.

Toa matupu na maiti. Yai viza linaweza kupasuka lenyewe chini ya mama na kuharibu mengine yote. Ukiwa na shaka na yai siku ya 7, liandike alama ya kuuliza na ulipe nafasi mpaka siku ya 14.

Kama matupu yamezidi nusu, acha kumlaumu kuku na umtazame jogoo.

Usijaze nafasi za mayai uliyoyatoa. Kishawishi ni kikubwa, lakini hapo utakuwa umeanzisha upya mchanganyiko wa umri ambao hatua zote zilizopita zilikuwa zinaukwepa.

## Hatua ya 8: Kuanzia siku ya 18, mikono mbali

Vifaranga sasa vinajipanga ndani ya ganda, kichwa kikielekea sehemu ya hewa. Usimulike, usigeuze. Msimu wa kiangazi, au sehemu kavu kama Dodoma, nyunyiza maji kidogo kwenye udongo wa pembeni mwa kiota mama akiwa ametoka. Pwani hakuna haja.

Siku hizi mama hutoka kwa nadra au hatoki kabisa. Sogeza chakula na maji afikie kwa kunyoosha shingo, na siku ya 21 ikikaribia punguza kina cha chombo cha maji. Badilisha majivu ya siafu, na hakikisha hakuna upenyo unaopitisha panya.

## Hatua ya 9: Siku ya kuanguliwa

Kwanza utasikia. Ukitega sikio usiku wa siku ya 20, kuna milio midogo chini ya mama, naye anaijibu kwa sauti ya chini ambayo hukuwahi kuisikia. Kisha ganda linapata nyota ndogo ya ufa mahali kifaranga kilipogonga kwa kijino kilicho kwenye ncha ya mdomo.

Kuanzia ufa wa kwanza hadi kifaranga kutoka huweza kupita saa 12 hadi 24. Muda wote huo kifaranga kinaonekana kimekwama, na ndipo watu wenye huruma wanapoua. Hakijakwama. Kinavuta damu iliyobaki kwenye mishipa ya utando na kukiingiza kiini tumboni. Ukimenya ganda kabla hajamaliza, utaona damu, na kifaranga hicho kwa kawaida hakifiki kesho.

Usimwinue mama kila saa kuhesabu. Kila ukimwinua unyevu unatoka, utando unakauka na kumgandamiza kifaranga ndani ya ganda. Asubuhi na jioni inatosha: telezesha mkono chini yake, toa maganda matupu, basi. Ganda tupu lisipotolewa linaweza kuvaa yai jingine kama kofia na kumzuia kifaranga kutoka.

Vifaranga vya kwanza visikutie haraka ya kulisha. Kiini kilichoingia tumboni kinavitosha siku mbili hivi. Maumbile yameweka hivyo ili mama awasubiri waliochelewa.

Subiri saa 24 hadi 36 tangu kifaranga cha kwanza. Mama akianza kusimama na kuwaita wanawe, chukua mayai yaliyobaki. Yaweke sikioni: lenye mlio au lenye ufa na uhai, mrudishie usiku au mpe kuku mwingine anayeatamia. Mengine yazike mbali na banda.

Ukipata vifaranga 8 hadi 10 kutoka mayai 12, umefanya kazi nzuri sana. Saba pia si haba kwa mara ya kwanza.

## Ukiwa na kuku wawili wanaokaribia kuatamia

Wa kwanza mshikilie kwa mayai ya kudanganyia mpaka wa pili awe tayari, lakini usizidishe wiki moja. Wape mayai usiku mmoja. Vifaranga vikianguliwa, usiku wa kwanza au wa pili sogeza vyote chini ya mama mmoja mpole mwenye mwili mkubwa. Kuku mmoja hulea 15 hadi 20 vizuri hali ya hewa ikiwa ya joto. Wa pili muondoe kabisa asiwasikie, atarudi kutaga mapema.

Uhamisho huu ufanyike gizani na vifaranga vikiwa na siku moja au mbili tu. Ukichelewa, mama atawatambua wageni na kuwadonoa hadi kuwaua.

## Hatua ya 10: Wiki mbili za kwanza

Mama na wanawe wabaki kwenye kizimba chao, sakafu kavu yenye maranda au pumba za mpunga. Mama ndiye jiko lao. Hakuna haja ya taa.

Maji ni ya kwanza. Tumia sahani fupi na uijaze kokoto, vifaranga vinywe katikati ya mawe bila kuzama. Hata sentimita mbili za maji zinaua kifaranga cha siku moja.

Chakula cha vifaranga cha dukani ni salama kuliko kukisia. Ukitengeneza mwenyewe, changanya chenga laini za mahindi au uwele na unga wa dagaa, na mchwa ukiwapata ni karamu. Usiwape kamwe chakula cha kuku wa mayai: chokaa yake ni nyingi na huharibu figo zao.

Mama atawamalizia chakula. Funika sahani kwa tenga lenye matundu yanayopitisha kifaranga tu, naye mpe punje zake kando.

Kifaranga kilichojikunja na mabawa yakining'inia kina baridi au kinaumwa. Sakafu ikilowa badilisha siku hiyo hiyo, kwani kuhara damu huanzia kwenye unyevu. Ukiona damu kwenye kinyesi, nenda kwa afisa mifugo kabla ya jioni.

## Hatua ya 11: Chanjo

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ndio unaofagia mabanda. Hauna tiba. Chanjo ya matone ya macho hutolewa tone moja kwenye jicho moja: vifaranga huanza ndani ya wiki ya kwanza, hurudiwa wiki ya tatu au ya nne, kisha kila miezi mitatu. Chanja kundi zima siku moja, pamoja na jogoo.

Chanjo ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa vifaranga, hutolewa kuanzia wiki ya pili, na ya ndui ya kuku baadaye kwa kuchoma kwenye bawa. Tarehe kamili pata kwa afisa mifugo wa kata yako, maana ratiba hufuata magonjwa ya eneo. Chanjo ya kwenye maji isichanganywe na maji ya bomba yenye klorini, itakufa kabla ya kunywewa.

## Hatua ya 12: Kuwatoa nje, na kuwaachisha

Baada ya wiki mbili watoe mchana chini ya tenga kubwa, mahali penye nyasi fupi, wakiwa wanaonana na kundi. Wiki nzima hivyo, kundi litawazoea bila kuwadonoa. Mwewe huja saa za asubuhi na alasiri. Pwani adui mkubwa zaidi ni kunguru, ambaye hukaa juu ya paa akisubiri mama ageuze shingo. Usiwaachie huru kabla hawajaota manyoya ya mabawa na kujua kukimbilia kichakani mama akipiga kelele ya hatari.

Vifaranga vyenye manyoya ya kutosha vinaweza kuachishwa wiki ya nne hadi ya sita, au wiki ya nane sehemu za baridi. Muondoe mama usiku, umpeleke asikosikika, na vifaranga vibaki kwenye banda lile lile walilolizoea. Watalia siku mbili. Ukiwahamisha wao na kumwacha yeye, mshtuko unakuwa mara mbili.

Kuku aliyeachishwa mapema na kulishwa vizuri huanza kutaga tena ndani ya wiki chache, ilhali aliyeachwa alee mpaka achoke mwenyewe anaweza kuchukua miezi mitatu. Akianza kuatamia tena mapema mno na mwili bado umekonda, mweke siku tatu au nne kwenye kizimba cha wavu kilichoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo lake, chakula na maji vikiwepo. Hamu itapungua. Kumchovya kwenye maji baridi kunamtesa tu.

Kwenye ule ukuta ulipoandika tarehe, ongeza idadi: mayai mangapi aliyopewa, mangapi yaliyoanguliwa, vifaranga vingapi vilivyofika wiki ya nane. Mfanyie hivyo kila kuku, na matetea ya kubaki bandani yachague kutoka kwa yule mwenye hesabu nzuri.